Kwa Nini Kichujio cha Jirani Hakifai Kwetu: Maji ya Meru na Mambo Yanayoathiriana



Katika miradi ya maji inayozunguka Mlima Meru kuna swali moja linalotoka pande zote mbili. Wanakamati wa parokia huuliza, "Hiki kichujio cha mkaa wa mifupa kinafanya kazi au hakifanyi?" Wafadhili wetu huuliza lile lile kwa lugha ya fomu: kiwango cha floraidi kabla ya mradi, kiwango baada ya mradi, tofauti kwa asilimia. Wote wanataka jibu moja, tena fupi, nasi tunaelewa sababu. Fedha ni za sadaka, na wanaokunywa maji hayo ni watoto.

Jibu la kweli ni kwamba kichujio hufanya kazi kwa masharti, na masharti hayo hayakai kila moja peke yake. Ukibadilisha moja, nguvu ya jingine nayo hubadilika. Wataalamu wa sayansi na uhandisi huliita jambo hili mwingiliano wa vigezo. Makala hii inajaribu kulieleza kwa mfano tulio nao mlangoni, kwa sababu kutolielewa kumeacha ndoo nyingi za vichujio zikigeuzwa kuwa mapipa ya mahindi.

Tatizo lenyewe

Floraidi ni madini yanayoyeyuka katika maji bila rangi, bila harufu na bila ladha. Ikiwa kidogo husaidia meno yasioze. Ikizidi, huyaharibu meno yanapojengwa ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi hukaza viungo na kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 4, na sasa tunafuata 1.5 kama wengine.

Utafiti wa miamba na maji uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha ukubwa wa jambo hili katika eneo letu. Mito ilikutwa na miligramu 12 hadi 76 kwa lita, chemchemi 15 hadi 63, na mabwawa na maziwa ya magadi, kama yale ya Momela, 60 hadi 690. Mtu akilinganisha namba hizo na 1.5 ataelewa kwa nini kijana wa Maji ya Chai au Ngarenanyuki hutambulika kwa meno yake hata akiwa Dar es Salaam, na kwa nini wapo mabinti wanaocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono. Jino likishaharibika hivyo halirudi. Miaka ya hatari ni tangu kuzaliwa hadi kama umri wa miaka 8, kwa hiyo mradi unaochelewa miaka minne au mitano umelipita kundi zima la watoto.

Hata chanzo cha tatizo ni mwingiliano. Floraidi ipo katika miamba ya nchi nyingi bila kuwasumbua watu, kwa sababu penye kalsiamu nyingi majini huungana nayo na kutuama. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floraidi, na papo hapo huyapa maji sodiamu na bikaboneti kwa wingi, na kalsiamu kidogo tu. Kwa hiyo floraidi inakosa wa kuishika, inabaki ikielea. Ukipima floraidi peke yake umejua nusu ya habari. Nusu nyingine ni kile inachoogelea nacho, na chemchemi mbili za mlima mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa hilo.

Kupima kimoja kimoja

Wakulima wetu wanaujua mwingiliano bila kuambiwa. Mbolea bila mvua haileti mahindi, na pengine huyaunguza. Mvua nzuri kwenye udongo uliochoka nayo haileti mengi. Vikija pamoja, mavuno hupita jumla ya faida ya kila kimoja. Mtu akiuliza, "Mbolea inaongeza magunia mangapi kwa ekari?" mkulima wa Leguruki atamwuliza kwanza, "Mwaka wa mvua ipi?"

Ajabu ni kwamba katika majaribio ya kitaalamu watu walizoea kwa muda mrefu kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Ilionekana kuwa ndiyo njia safi. Aliyeipinga kwa nguvu alikuwa Mwingereza Ronald Fisher, mtaalamu wa hesabu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, katika miaka ya 1920 na 1930. Hoja yake ilikuwa kwamba ukibadilisha kimoja kimoja hutagundua kamwe namna vitu vinavyosaidiana au kukwamishana. Akashauri kujaribu michanganyiko yote kwa mpango.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa hesabu ndogo. Kichujio kina chembe kubwa za mkaa wa mifupa, na koki inafunguliwa sana. Maji yanayotoka yana floraidi miligramu 6 kwa lita. Tukibana koki maji yapite polepole, inabaki 4: tumepata 2. Tukirudisha koki kama mwanzo na kuweka chembe ndogo, inabaki 5: tumepata 1. Anayepima kimoja kimoja atajumlisha 2 na 1, ataandika kwamba vyote viwili vitaleta 3, na pengine atasema hiyo haitoshi, mradi uachwe. Lakini akijaribu vyote viwili kwa pamoja anaweza kukuta inabaki 1 tu, kwa sababu chembe ndogo zina ngozi kubwa ya kushikia floraidi, na ngozi hiyo inahitaji muda. Faida ile ya ziada haikuwa ya koki wala ya chembe. Ilikuwa ya kukutana kwao.

Gharama yake ni majaribio zaidi. Vitu vitatu, kila kimoja kwa hali mbili, ni majaribio 8. Vikiwa sita ni 64. Wataalamu wana njia za kuchagua sehemu tu ya michanganyiko hiyo bila kupoteza habari kubwa, lakini hata hivyo kazi hiyo haimaliziki kwa wiki moja ya mshauri anayelala hotelini mjini. Tunalisema hili kwa wafadhili kwa heshima.

Yaliyofanyika Ngurdoto

Hatuanzi sifuri. Serikali kupitia wizara inayoshughulikia maji ilianzisha kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, na njia kadhaa zimejaribiwa hapo kwa maji haya haya.

Njia mojawapo ilitoka India na inaitwa Nalgonda, kwa jina la mahali ilikoanzia kutumika. Maji hutiwa shabu na chokaa, hukorogwa, tope hutuama likiwa limebeba floraidi. Kwa ndoo ya lita 20 kipimo kilichopendekezwa hapa Tanzania kilikuwa gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa, kukoroga haraka kidogo, kisha polepole dakika 5, na kuacha yatulie saa 1. Ni rahisi kukariri, na hapo ndipo hatari ilipo. Shabu hufanya kazi vizuri maji yakiwa karibu na hali ya kati, yaani si machachu wala si ya magadi sana. Maji yenye bikaboneti nyingi huila shabu kwanza kabla haijafika kwenye floraidi. Kwa hiyo kipimo kinachofaa hakitegemei floraidi peke yake, kinategemea pia ukali wa magadi ya maji hayo. Ndoo mbili zenye floraidi sawasawa, kutoka chemchemi mbili, zinaweza kuhitaji shabu tofauti. Mama aliyefundishwa kipimo cha kijiji kimoja na kukipeleka alikoolewa hana kosa lolote. Aliyeandika kipeperushi bila kutaja hilo ndiye wa kuulizwa.

Njia ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, huchekechwa na kujazwa kwenye ndoo au tangi. Mwaka 2006 mtafiti M. E. Kaseva wa Dar es Salaam alichapisha kazi yake kuhusu kuuchoma upya mkaa uliochoka ili utumike tena. Alipima joto, muda na ukubwa wa chembe. Nyuzi 500 za Selsiasi ndizo zilizofaa, na chembe ndogo za milimita 0.5 hadi 1.0 zilishika floraidi kuliko kubwa. Kumbuka hata hivyo kwamba chembe ndogo huziba upesi maji yakiwa na tope. Wakati wa masika, kwa maji ya mto yasiyotulizwa kwanza, chembe "bora" inaweza kuwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu maji yakigoma kupita watu watayachota mtoni.

Njia ya tatu ndiyo inayofundisha somo letu waziwazi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Eli Dahi kutoka Denmark, aliyefanya kazi na wenzake wa Tanzania, alieleza njia ya kuongeza kalsiamu na fosfeti kwenye maji kisha kuyapitisha juu ya mkaa wa mifupa. Kalsiamu na fosfeti zikiachwa tu kwenye maji, floraidi haishikwi kwa kasi ya kufaa. Mkaa peke yake hushika, lakini hujaa na kuchoka. Vikikutana, mkaa unakuwa mahali pa floraidi kugandia pamoja na kalsiamu na fosfeti, na kichujio huishi muda mrefu zaidi. Mtu aliyejaribu dawa hizo siku moja na mkaa siku nyingine asingeliona jambo hili maisha yake yote.

Biblia inasimulia maji machungu ya Mara, yaliyopata utamu kwa mti mmoja uliotupwa ndani. Maji ya Meru hayajapata mti wa namna hiyo.

Tanuri la Nakuru

Wenzetu wa Kenya wanastahili kutajwa. Jimbo Katoliki la Nakuru, ambalo nalo liko kwenye Bonde la Ufa lenye tatizo hili, lilianza kazi ya mkaa wa mifupa mwaka 1998, na baadaye likashirikiana na taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag ya Uswisi kuboresha njia ile ya kalsiamu na fosfeti. Kwa wafadhili wanaodhani kanisa halifanyi uhandisi, huo ni mfano mzuri.

Somo kubwa kutoka kwenye kazi ya namna hiyo liko kwenye tanuri. Joto likiwa dogo, mafuta na nyama za mfupa hazitoki zote, na maji yatakuwa na rangi na harufu. Watu watayakataa hata kama floraidi imeondoka. Joto likizidi, au hewa ikiingia kwa wingi, mfupa hugeuka mweupe na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kushika floraidi. Kati ya hapo joto, muda na hewa hufidiana: joto la juu kidogo kwa muda mfupi linaweza kulingana na joto la chini kwa muda mrefu, na tanuri lililoshindiliwa mifupa haliungui sawasawa na lililojazwa nusu. Fundi mzoefu hutazama rangi. Nyeusi au kijivu inatia moyo, nyeupe ni ya kuweka kando.

Liko pia jambo lisilopimwa maabara. Katika vijiji vyetu Wakristo na Waislamu huchota kwenye gati moja. Kila mtu ana haki ya kujua mifupa ni ya mnyama gani na imetoka machinjio gani. Kichujio safi kabisa ambacho nusu ya kijiji inakitilia mashaka kimeondoa floraidi kwa nusu ya kijiji tu. Shehe na mchungaji waonyeshwe tanuri mapema, kabla ya uzinduzi.

Jikoni

Sasa tuingie nyumbani, ambako mwingiliano hupindua matokeo ya mradi mzima.

Kamati nyingi hupima maji yanayotoka kwenye koki na kuridhika. Lakini mtoto hali koki. Makande na maharage ya kwetu huivishwa kwa magadi ili yalainike upesi, na magadi ya eneo hili, hasa yale yanayozolewa juu ya ardhi yakiwa na vumbi, yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Uchunguzi wa meno uliofanywa katika miaka ya 1990 ulikuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata kwenye vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo, na magadi yalihusishwa. Majani ya chai nayo yana floraidi yake. Na kuchemsha maji, jambo jema tunalolihimiza kwa ajili ya kuhara, hakuondoi floraidi hata kidogo: maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki inakuwa nzito zaidi kwa kila lita.

Weka pamoja. Mama anachota dumu moja la maji yaliyochujwa kwa ajili ya kunywa, na kwa kuwa kichujio ni cha polepole anapikia maji ya mfereji. Makande yanachemka saa tatu na magadi ndani. Kichujio kimefanya kazi yake barabara, takwimu za mradi ni nzuri, na mtoto bado anapata floraidi ya kutosha kuharibu meno. Mwingine anayepikia maji yaliyochujwa na kuloweka maharage usiku kucha bila magadi anapata faida yote. Kichujio ni kile kile.

Hata mwili una neno lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa eneo lenye floraidi nyingi hapa Tanzania uliona kwamba wasiokula nyama walikuwa na madhara madogo zaidi ya meno. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mlo wa mboga hupunguza uchachu wa mkojo, na figo hutoa floraidi zaidi hali ikiwa hivyo. Hatusemi watu waache nyama, na Wameru na Wamasai wasingetusikiliza. Tunaonyesha tu umbali ambao jambo hili linafika. Anayechunga tambarare juani hunywa maji mengi kuliko anayeishi kwenye migomba ya mteremkoni, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka kila nchi izingatie hali ya hewa na kiasi cha maji yanayonywewa inapoweka kiwango chake.

Tunachowaomba wafadhili na kamati

Kwa wafadhili: namba moja ya "baada ya mradi" inatuelekeza kupima siku ambayo kichujio ni kipya, koki imebanwa na maji ni ya kiangazi. Tungependelea kupewa nafasi ya kuandika namba nyingi zilizo mbaya na nzuri, pamoja na hali ya kila moja. Fedha za vipimo vya mwaka mzima ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, hata kama zitapunguza idadi ya ndoo. Mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapo Tengeru, alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa kichujio chake. Kilichosifiwa ni kwamba kinarekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mtu hawezi kurekebisha asichokipima.

Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vijiji vya mteremkoni vingi bado vinategemea chemchemi zao wenyewe, na huko usimamizi uko kwa RUWASA tangu mwaka 2019 pamoja na vyombo vya watumia maji. Kamati ya parokia isifanye kazi hii kando yao.

Kwa kamati: daftari la kichujio liwe na safu tano badala ya moja. Floraidi inayoingia na inayotoka, kiwango cha pH, dakika za kujaza ndoo moja, lita zilizopita tangu mkaa ubadilishwe, na msimu, yaani masika au kiangazi. Vyote viandikwe siku moja, kwa maji yale yale, kwani vikiandikwa siku tofauti havisemezani. Mara moja kwa robo mwaka ziulizwe pia kaya kumi hivi: maji ya kupikia yametoka wapi, na magadi yametumika au hapana. Sampuli ya maabara iwekwe kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji yale yale, si ya kioo, kwa sababu floraidi huweza kuathiriana na kioo. Nusu lita inatosha. Kwenye lebo paandikwe jina la chanzo, tarehe na saa, pamoja na jinsi koki ilivyokuwa imefunguliwa.